Fungu la Mgonjwa

Cuthbert hakuwa mgonjwa. Tuelewane hapo mapema, kwa sababu kijiji kizima kilijua anaumwa, na yeye mwenyewe kuna siku alikaribia kukubaliana nacho. Joto lake la mwili lilikuwa la kawaida kabisa. Alilipima akiamka, akishakunywa chai, akitoka kukagua mibuni yake, akirudi, kabla ya taarifa ya habari na baada yake. Kipimajoto chenyewe, kile cha kumlenga mtu kwenye paji la uso kama bastola, alikinunua Dar es Salaam wiki ile ambayo kila mwenye uwezo alikuwa ananunua kitu.

Alifika Mkumbi mwishoni mwa Machi, mwaka ule wa korona, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefungwa. Alikuwa amefanya kazi bandarini miaka thelathini na mitatu, akastaafu akiwa mkuu wa kitengo, na nyumba ya kustaafia alikuwa ameshaijenga kwao juu ya kilima: vigae vyekundu, ukuta, geti la chuma, tangi la maji la lita elfu tano. Mkewe, Gaudiosa, alibaki Dar kumuuguza binti yao Jacqueline aliyekuwa amejifungua. "Wewe tangulia," alimwambia, "huko hewa ni safi." Akatangulia, na mbwa wake wawili wakubwa kwenye siti ya nyuma.

Chini ya kilima, umbali wa kumwita mtu akaitika, ndiko kwa kaka yake Izidori. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu, kahawa nyuma, na mbele yake uwanja mkavu ambapo ukoo ulikutana kila jioni kula. Wamatengo mkao huo wanauita sengu. Zamani kila ukoo ulikuwa nao: chakula kinapikwa jikoni mbalimbali, kinaletwa kwa mkubwa, wanaume na vijana wanakizunguka, mwenye mashamba na yatima sahani moja, na ya mchana yanazungumzwa hapo hapo. Siku hizi kwa wengi imekwisha, kila mtu na mlango wake na televisheni yake. Kwa Izidori haikuisha, kwa sababu Izidori ni mbishi.

Miaka yote Cuthbert alipokuja likizo, jioni ya kwanza ilimkuta pale uwanjani, mabegi hayajafunguliwa. Safari hii alipiga simu. Akaeleza kwamba ugonjwa huu unapenda mikusanyiko, kwamba yeye katoka mjini, na kwamba wataalamu wamesema siku kumi na nne. Izidori akasema sawa, mdogo wangu. Siku kumi na nne zikapita. Pasaka ikapita, misa akaisikiliza redioni na shati la kitenge amevaa. Akajiongezea siku nyingine kumi na nne, kisha nyingine, na hizo hakumwambia mtu.

Nisimwonee. Sababu ya kuogopa alikuwa nayo. Simu yake ilikuwa na kundi la wastaafu wa bandari, na kundi hilo lilikuwa limegeuka ukurasa wa matangazo ya vifo. Mtu anaandika utani Jumanne, Jumapili wenzake wanamwandikia pumzika kwa amani. Hakuna aliyetaja ugonjwa. Waliandika "shida ya kupumua" na kunyamaza. Kila simu ikitoa mlio Cuthbert alikwenda kujipima.

Lakini kuogopa nako kunataka nafasi, na Cuthbert nafasi alikuwa nayo. Alikuwa na korido ya kutembea, ukuta wa kuuzunguka, na mchana mzima usio na kazi. Alitembea mpaka nyasi za kando ya ukuta zikalala zikawa njia. Alinawa mpaka ngozi ya vidole ikapasuka, akapaka mafuta, akakumbuka kopo la mafuta hakulifuta, akanawa tena. Alifungua friji akaifunga. Alikaa kwenye kochi, akainuka, akahamia lile lingine. Kule chini watu walikuwa na palizi, na kuni, na maji. Sisemi hawakuogopa. Waliogopa wakiwa wamebeba kitu kichwani.

Na usimfikirie mchoyo. Wiki ya kwanza alinunua ndoo kumi zenye koki na katoni ya sabuni, akazigawa kwa jumuiya. Maji ya kuzijaza yako bondeni, kushuka ni nusu saa na kupanda ni zaidi, na wanaopanda nayo ni wanawake, lakini hilo hakuliwaza, tangi lake linajazwa na pampu. Baada ya wiki mbili akaona kutoka ukutani kwake ndoo moja imelowekwa mahindi ya pombe. Alitukana peke yake hadi mbwa wakainuka. "Watu hawa," akasema, na akajisikia vizuri kama dakika tatu.

Sasa, kila siku saa kumi na mbili jioni, Tadea, mke wa Izidori, alipanda kilima na bakuli lililofunikwa. Aliliweka juu ya jiwe kando ya geti, akagonga chuma mara tatu, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Hodi shemeji. Chakula hicho."

"Asante shemeji! Mungu akubariki!" Cuthbert alijibu kutoka barazani, barakoa usoni, mkono juu.

Tadea akishapotelea migombani, Cuthbert alivaa glavu akaenda kulichukua. Ugali na maharage, au ugali na majani ya maboga, siku moja moja vidagaa. Harufu ilimpanda puani, harufu ya kwao kabisa, na mate yakamjaa. Halafu akawaza: umepikwa jiko gani? Umesongwa na mkono wa nani? Nani alikohoa? Akawamwagia mbwa. Bakuli alilichemsha, akalisugua kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe, akalirudisha juu ya jiwe likimeremeta. Stoo yake ilikuwa na gunia la mchele, mafuta na makopo ya samaki. Alijiambia kwamba chakula hakipotei, mbwa nao ni viumbe wa Mungu. Ulikuwa uongo mwepesi lakini ulimtosha.

Kumwambia Tadea asilete hakuweza, angeonekana anawadharau. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hata kwa kiboko asingelikiri: kuanzia saa tisa alasiri alikuwa anausubiri mlio ule wa chuma kugongwa. Ilikuwa sauti pekee ya mtu kwa siku nzima ambayo haikupita kwenye waya.

"Sauti yako inakimbia, baba Jacqueline," Gaudiosa alimwambia kwenye simu. "Unalala?"

"Nalala vizuri kabisa. Huku ni raha tupu. Ni mtandao tu huo."

Mwanzoni mwa Mei, siku ya Jumatatu, geti halikugongwa. Saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na nusu, jiwe tupu. Hisia ya kwanza ya Cuthbert ilikuwa nafuu: leo hakuna glavu. Ya pili ilikuja polepole na ilikuwa mbaya zaidi, akazunguka ukuta mara kumi na moja. Jumanne hivyo hivyo. Alishika simu ampigie Izidori, akaiweka. Angesema nini? Kaka, mbona mbwa wangu hawajaletewa chakula? Alikwenda mara nne kuchungulia kwenye uwazi wa geti, mtu mzima mwenye pensheni, akitafuta bakuli.

Jumatano alasiri geti likagongwa, lakini kwa ngumi.

"Hodi humo! Shikamoo shemeji!"

Alikuwa Emerensiana, mdogo wake Tadea, muuza dagaa kutoka Kihagara kule ziwani. Kila wiki mbili alipanda milima kwa lori na magunia yake ya dagaa wakavu, akiuza nyumba kwa nyumba, na mdomo wake ulifika kabla ya lori.

"Marahaba. Simama hapo hapo, usisogee. Leo samaki sihitaji."

"Sikuja kuuza. Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Si wewe?"

"Mimi?" Cuthbert akatoka barazani, akasahau hata barakoa. "Mimi si mgonjwa! Asubuhi hii nina thelathini na sita nukta nne!"

"Sijui hizo ni za nini," Emerensiana alisema. "Kama huumwi, mbona umetolewa fungu la mgonjwa wiki nne?"

Cuthbert hakuelewa, na alionekana haelewi. Emerensiana akashusha beseni lake chini, akafuta jasho kwa ncha ya kanga, akamweleza kama anavyoelezwa mtoto.

"Kwenye sengu ya shemeji Izidori, mtu asipokuja kula, mambo ni mawili. Ama anaumwa, ama amegombana na wenzake. La tatu halipo. Umezaliwa hapo, umelisahau wewe? Siku zako kumi na nne zilipokwisha, Tobias, mtoto wa kaka yako, aliuliza mbele ya watu wote: baba mdogo mbona haji, ametuona wachafu? Kaka yako ndiye aliyejibu. Alisema, mdogo wangu anaumwa, mtoleeni fungu lake. Na la mgonjwa linatolewa kwanza, shemeji. Kabla ya la mtoto. Mwezi huu, mahindi ya mwaka jana yameisha, ya shambani mabichi, watu wanapika mara moja kwa siku."

Wale mbwa wawili walitoka nyuma ya nyumba, wakaja mbio mpaka getini, wakakaa sawia wakilitazama jiwe, mikia inafagia vumbi. Saa yao ilikuwa inakaribia.

Emerensiana aliwatazama. Aliwatazama migongo, mbavu zisizoonekana, manyoya yanavyong'aa. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Cuthbert alimwona yule mwanamke amekosa la kusema.

"Kumbe ni hawa," akasema mwishowe, taratibu. "Dada yangu amekonda. Nilipomwona jana nilidhani ni umri."

Aibu ilimshika Cuthbert masikioni kwanza, yakawaka. Alitaka aeleze kuhusu mikono na majiko na wataalamu. Badala yake akauliza swali ambalo lilimwaibisha zaidi.

"Na sasa mbona hakiji?"

"Kwa sababu sasa mgonjwa wa kweli yupo." Emerensiana aliinamia beseni. "Izidori. Homa na kifua, tangu Jumapili. Zahanati wamempa dawa, wakamwambia ajitenge. Amejitenga mwenyewe, amehamia kwenye banda la kahawa. Chakula wanamwekea mlangoni na kinarudi kilivyokwenda. Anasema hakipiti. Muuguzi amesema asipokula hatainuka. Lakini mtu yule ana miaka sitini na saba na hajawahi kula peke yake hata siku moja, atajifunzia wapi leo? Wewe ndiye unayeweza mambo hayo."

Akajitwika beseni lake, akashuka.

Cuthbert aliingia ndani, akatoka, akaingia. Alivaa barakoa mbili. Akaweka mfukoni kipimajoto, akakitoa, akakirudisha. Alifika getini, akashika komeo, moyo ukamwenda mbio mpaka akahisi koo linaziba, na hapo hapo akawa na uhakika kwamba ameshaambukizwa. Akarudi kupima. Thelathini na sita nukta sita. Akakaa kwenye kochi. Mbele yake ilikuwapo televisheni kubwa imezimwa, na ndani ya kioo chake mzee mmoja wa barakoa mbili aliyekuwa amemwacha kaka yake afe njaa, mwenyewe akiwa na gunia la mchele. Ndivyo alivyojiona, kwa ukungu kama mtu aliyelewa, lakini alijiona. Akainuka. Mara hii alipofika getini hakusimama, maana alijua akisimama ndiyo basi.

Uwanjani aliwakuta wameanza. Hawakuwa wameizunguka sahani moja. Kila mmoja alikuwa na kisahani chake, wamekaa mbalimbali, nafasi ya mtu kulala baina yao, na kando ya mlango ilisimama ndoo yenye koki, chini yake udongo umelowa. Ilikuwa ndoo yake. Cuthbert aliitazama akakosa pa kuweka macho.

"Shikamoo baba mdogo," Tobias alisema. Ni kijana wa kwanza wa Izidori, kama miaka thelathini na mitano, mikono imekomazwa na jembe. "Umepona?"

Watu wanane wakaacha kutafuna. Mlango aliouacha kaka yake ulikuwa wazi kabisa, ilibaki kupita tu. Nimepona, namshukuru Mungu. Maneno machache, wangemwambia karibu, na kesho kila mtu angesahau. Ugonjwa hauna lawama.

"Sikuwa naumwa, Tobias," Cuthbert alisema. Barakoa ilimziba sauti, akaishusha. "Niliogopa. Niliwaogopa ninyi. Baba yako alisema naumwa ili kunifichia. Na chakula chenu sikula. Nilikuwa nawapa mbwa."

Kuku alipita katikati yao na hakuna aliyemfukuza.

"Jumatano na Jumamosi," Tobias alisema, "fungu lako lilitoka jikoni kwangu. Mke wangu ananyonyesha."

Akaweka kisahani chake chini bila kishindo, akainuka, akaingia ndani. Waliobaki walirudi kwenye chakula chao. Kwenye sengu mtu anayefika lazima aambiwe karibu, hata mpita njia huambiwa, hata mwendawazimu. Cuthbert alisimama pale na neno hilo halikutoka kwa yeyote. Alijua angeweza kugeuka apande kilima, na geti lake lingefunguka kama kawaida.

Tadea alitoka jikoni na mabakuli mawili. Kweli alikuwa amekonda, mifupa ya mabega imejichora chini ya blauzi. Hakumtazama usoni.

"Hili la kaka yako," alisema. "Hili lako. Ukilimwaga leo nitaona, nimesimama hapa."

Banda la kahawa lilikuwa nyuma, mlango uko wazi upepo upite. Izidori alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, blanketi mabegani, na kifua chake kilipiga kelele kila alipovuta pumzi. Cuthbert alimwekea bakuli kizingitini, akarudi nyuma hatua nne, akakaa kwenye kigogo.

"Umekuja," Izidori alisema.

"Nimekuja kaka. Nimewaambia ukweli kule mbele."

Izidori alifumba macho. "Ungenyamaza. Nilikuwa nimekufichia vizuri."

"Najua."

"Tobias je?"

"Ameingia ndani."

"Ataendelea kukaa huko ndani muda mrefu. Namjua, amenirithi mimi." Alipumzika kidogo kutafuta hewa. "Na wewe umemrithi nani, sijui."

"Kesho asubuhi nakupeleka hospitali Mbinga. Gari lina mafuta."

"Kesho sawa."

Cuthbert alitaka kusema habari za hospitali, za vipimo, za mtu anayemfahamu pale. Yaliyotoka yalikuwa mengine, na yalitoka kwa kasi, kama yamekaa foleni tangu Machi.

"Kaka, mimi naogopa. Silali. Kila kitu kimo ndani ya nyumba ile na siwezi kukaa kwenye kiti kimoja dakika kumi. Nasikia watu wanakufa, najipima, nasikia tena. Hata Gaudiosa sijamwambia. Nadhani kichwa changu kinaharibika."

"Na mimi unadhani kifua hiki nakichekea?" Izidori alisema. "Usiku nahesabu pumzi. Naogopa vibaya sana, mdogo wangu. Tatizo hapa hakuna wa kumwambia, wote wana watoto." Akavuta bakuli karibu. "Nawa tule."

Cuthbert alinawa kwa kikopo cha maji alichokikuta kando ya kigogo. Alimega tonge, akalifinya, na mkono ukaganda nusu ya njia. Jiko gani. Mkono wa nani. Akalitia mdomoni. Ugali ulikuwa wa moto na maharage yalikosa chumvi kidogo, na machozi yalimtoka kwa namna ambayo hakuweza kuisingizia pilipili.

Izidori naye akamega. Kabla hajafikisha mdomoni kikohozi kikamshika. Hakikuwa kikohozi cha kusafisha koo. Kilimkunja, kikamwinamisha mpaka paji likagusa goti, kikaenda kikirudi. Miguu ya Cuthbert haikumuuliza mwenyewe. Ilimwinua, ikampeleka mpaka ng'ambo ya mibuni, na alipopata akili alikuwa amesimama kule, mgongo kwa banda, barakoa imebanwa puani kwa mikono miwili, anahema. Kutoka pale aliona vigae vyake vyekundu juu ya kilima. Alisikia kikohozi kinapungua, kinakatika, kisha kimya. Hakusikia bakuli wala kutafuna.

Alisimama hapo muda ambao hakuupima. Halafu akageuka, akarudi, akakaa kwenye kigogo kile kile, hatua nne. Izidori alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu, jasho linamtiririka. Tonge lilikuwa bado mkononi mwake. Alikuwa anamsubiri.